"Run" sio kukimbia tu: neno la herufi 3 lenye maana zaidi ya 600

Tarehe 21 Julai 2024 Joe Biden alipotangaza kwamba hagombei tena urais wa Marekani, jamaa yangu mmoja alichukua kichwa cha habari cha Kiingereza akakitupia kwenye programu ya kutafsiri, ikamrudishia "Biden hatakimbia tena", akanitumia na swali chini yake, kwani huyu mzee alikuwa anakimbia nini mpaka atangaze ameacha? Nilicheka, afu nikajishtukia, maana hata mimi kuna siku nilisoma "bank run" nikajua ni zile mbio za hisani ambazo benki inadhamini, watu wanavaa fulana zinazofanana wanakimbia kilomita 5 asubuhi, nikapita zangu bila wasiwasi, kumbe habari ilikuwa inasema watu wanatoa hela zao kwa fujo kabla benki haijafa.

Neno linalosumbua hapo ni "run". Ni katika maneno ya mwanzo kabisa tunayofundishwa darasani, mwalimu anasema run ni kukimbia, wote tunaitikia kukimbia, tunaandika kwenye daftari, imeisha hiyo. Afu maisha yote yaliyobaki unakutana nalo kwenye injini, kwenye pua, kwenye kompyuta, kwenye uchaguzi, kwenye soksi, na kukimbia kwenyewe unakukuta mara mojamoja.

Tuwekane sawa kwanza kwenye mambo mawili ambayo watu huwa wanayachanganya. Neno lenye maana nyingi ni umbo moja linalobeba mambo kadhaa ambayo ukiyafuatilia yana undugu. Kwetu chukua "kichwa": kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni, na kile cha "dogo ana kichwa huyo" yaani ana akili, kote huko unaongelea kitu cha juu au cha mbele kinachoongoza. Sio kama "kaa", ambapo kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako yamegongana tu kwenye sauti, hayajuani kabisa. "Run" iko upande wa kichwa, na hiyo ni habari njema, nitaeleza kwa nini. Visawe sasa ni kitu kingine, ni maneno tofauti ambayo maana zake zinakaribiana, na naomba ulishike hilo neno kukaribiana maana ndo litakalotuokoa huko mbele.

Ukubwa wa tatizo ukoje? Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, bingwa wake alikuwa "set", kitenzi chake peke yake kilikuwa na maana kama 430 na maelezo yake yalifika takribani maneno 60,000, hicho ni kitabu kizima ujue, kitabu cha neno moja. Walipoanza kuirekebisha kamusi hiyo kwa ajili ya toleo linalofuata, "run" ikampiku "set", kitenzi chake kikafika maana 645, na mhariri aliyepewa hiyo kazi, Peter Gilliver, ilimchukua kama miezi 9. Miezi 9, mtoto anatungwa tumboni mpaka anazaliwa, mwenzako bado yuko na run.

Ila usitishike na hizo 645. Kamusi ya aina ile kazi yake ni kuhifadhi kila kitu, inahesabu mpaka matumizi ambayo yalishakufa karne nyingi zilizopita, na inakata vipande vyembamba sana, run ya mto kivyake, run ya machozi kivyake, run ya wino kivyake. Hata waliozaliwa na Kiingereza mdomoni hawazijui zote na wala hawajawahi kukaa chini kuzikariri. Wanachojua ni kitu kimoja ambacho sisi hatukuambiwa darasani.

Kitu chenyewe ni hiki. Tunadhani maana ya kweli ya run ni miguu, halafu hizo nyingine ni watu waliojiongeza baadae. Ukirudi nyuma kwenye asili ya neno mambo hayako hivo. Kiingereza cha kale na lugha ndugu zake walikuwa na kitenzi ambacho tangu enzi hizo kilibeba vyote viwili, kwenda mbio na kutiririka. Kijerumani ambacho ni binamu yake mpaka leo kina "rennen" ya kukimbia na "rinnen" ya kutiririka, zimetofautiana irabu moja tu. Kwaiyo maji hayakuazima run kutoka kwa mwanariadha, walizaliwa nyumba moja. Na kinachowaunganisha sio haraka. Ni kwenda mfululizo, kwenye njia yako, bila kukatika. Kama unataka neno moja la Kiswahili la kuliweka kichwani badala ya kukimbia, mimi ningekupa "mkondo". Kitu kinacho-run ni kitu kilichoshika mkondo wake kinakwenda.

Jaribu hiyo kwenye vitu vyepesi uone. Maji "run", sawa, mkondo. Pua "run", kamasi zinatoka mfululizo. Rangi ya nguo "run" ukiifua na maji ya moto, sisi tunasema inachuja. Machozi, wino, damu, yote hayo twende. Kuna utani wa zamani wa Kiingereza unauliza kwa nini pua inakimbia wakati miguu ndo inanusa, maana kwa Kiingereza neno moja "smell" ni kunusa na ni kunuka pia, yaani wamempa pua kazi ya miguu na miguu kazi ya pua. Utani huo kwa Kiswahili haufanyi kazi hata ulazimishe vipi, sisi tumetenganisha kunusa, kunuka na kunukia, na hapo ndo uone kwamba ile hadithi ya Kiswahili ni lugha yenye maneno machache inategemea umesimama wapi. Kwa maji tuna kutiririka, kuvuja, kuchuruzika, kububujika, kudondoka, mwenzetu kwenye mazungumzo ya kawaida mengi ya hayo anayasukumia kwa run afu anaendelea na safari.

Sasa njoo kwenye vitu visivyotembea kabisa. "The road runs along the river." Barabara inakimbia na mto? Hapana, barabara imelala palepale tangu ilipojengwa, inaambaa na mto. Ufa kwenye ukuta una-run kutoka juu mpaka chini, waya una-run chini ya zulia. Hapa kinachotembea ni jicho lako, linafuata mstari. Na kabla hujasema Wazungu wana mambo, kumbuka na sisi tunauliza hii njia inakwenda wapi, na hakuna anayetegemea kuamka kesho akute njia imeshaondoka.

Ukitoka kwenye njia ya ardhini unaingia kwenye njia ya muda. Filamu ina-run saa 2, maana yake inachukua saa 2. Mkataba una-run mpaka Disemba. Kuna tamthilia ya jukwaani pale London ilianza kuoneshwa mwaka 1952 na haikusimama mpaka korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, baadae ikarudi, huo muda wote wa kuoneshwa bila kukatika unaitwa run yake. "In the long run" ni hukohuko, mwisho wa siku, baada ya mkondo mrefu. Na lile la "it runs in the family", kitu kinachopita kwenye damu ya ukoo, wahenga wetu walishalisema kwa picha ileile kabisa, maji hufuata mkondo.

Tunafika sasa kwenye sehemu yenye utajiri zaidi, mashine. Wanaochambua hii kamusi wanasema mapinduzi ya viwanda ndo yalilinenepesha hili neno, maana ghafla dunia ikajaa vitu vinavyozunguka na kwenda vyenyewe, mitambo, treni, injini, saa, na vyote vikahitaji kitenzi, run ikawa imesimama karibu ikavibeba. Injini iki-run maana yake inanguruma, inafanya kazi, hata kama gari lenyewe limepaki. Kutoka kwenye mashine ya chuma ikahamia kwenye kompyuta, programu ina-run, na kule kwenye Windows ukibonyeza kwa kitufe cha kulia unaona "Run as administrator", watu wanaogopa kuibonyeza wanadhani kompyuta itakimbia na mafaili, hahaha, ni kuiambia tu iendeshe hiyo programu kwa mamlaka kamili ya msimamizi.

Kuiendesha. Tulia hapa kidogo kwa sababu hapa ndo Kiswahili kinakupa ufunguo ambao hata Mwingereza hana. Sisi tuna "kwenda", na ukitaka kusema unakifanya kitu kiende unaongeza kiungo unapata "kuendesha". Kiingereza hakina hicho kiungo kwenye hili neno, run ni hiyohiyo ikienda yenyewe na ni hiyohiyo ukiisukuma wewe. "The machine runs", mashine inakwenda. "I run the machine", naiendesha mashine. Kwaiyo ukiona run imefuatwa na kitu moja kwa moja, bila kineno kama "for" au "into" katikati, jaribu kuendesha kwanza kabla hujajaribu kukimbia, na mara nyingi utapatia: run a company, kuendesha kampuni, run a meeting, kuendesha kikao, run a campaign, kuendesha kampeni, run a school, kuendesha shule. Watu wanaposema "who runs the world" hawaulizi nani anakimbia duniani, wanauliza nani anaiendesha.

Na kama bado huamini kwamba run na kuendesha ni mapacha, Waingereza mtu akiharisha wanasema ana "the runs", na sisi tunasema tumbo linamwendesha. Hakuna aliyemwigiza mwenzake, ni tumbo lenyewe tu limewafundisha wote picha moja.

Mtego upo mmoja lakini. Gari. Sisi tunaendesha gari, Kiingereza hicho ni "drive". Mwingereza akisema "I can't afford to run a car" hazungumzii usukani, anasema hamudu gharama za kuwa na gari, mafuta, bima, matengenezo, yaani kulifanya gari liendelee kuwa barabarani. Na ukisema "I ran my car to work" watakuelewa ila watakuangalia mara mbili.

Turudi kwa Biden basi. Mmarekani anayegombea cheo "runs for office", kwa sababu uchaguzi kwao wanauona kama mbio, nani anafika wa kwanza. Ndo maana mgombea mwenza anaitwa "running mate", jina ambalo lilianzia kwenye mbio za farasi, farasi wa zizi moja anayeingizwa kumsaidia mwenzake kwa kumwekea mwendo. Duru ya pili ya uchaguzi nayo ni "run-off". Cha kufurahisha Mwingereza mwenyewe, lugha hiyohiyo, anasema "stand for election", anasimama. Sisi tunasema kugombea, neno lililo jirani kabisa na ugomvi, na waandishi wetu wa habari wakikolea wanaita kinyang'anyiro. Kitu kimoja, uchaguzi, Mmarekani anakimbia, Mwingereza amesimama, sisi tunanyang'anyana. Nani kaielezea siasa vizuri zaidi nakuachia mwenyewe.

Na ile "bank run" iliyoniaibisha ina haki ya kuelezwa vizuri, maana huwa inarudi kwenye habari. Benki haikai na hela zako zote kwenye sefu, sehemu kubwa imeikopesha kwa wengine, inabakiza kiasi cha kutosha watu wa siku moja moja. Siku watu wote wakiogopa kwa pamoja na kutaka chao muda uleule, hata benki ambayo ilikuwa inapumua inaweza kukata roho, hofu yenyewe ndo inayoua. Uingereza waliona hilo Septemba 2007 kwa Northern Rock, foleni mpaka nje ya milango. Marekani walikuja kuona toleo jipya Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, wengi kupitia simu na kompyuta bila hata kunyanyuka kwenye kiti, na kesho yake ikafungwa na mamlaka. Hakuna aliyekimbia kwa miguu hapo. Kiswahili kikitaka kulisema hili kinakaribia sana na "kukimbilia", watu wamekimbilia hela zao, na hiyo "a run on" kitu fulani inatumika hata kwa bidhaa, kama ilivokuwa kwa barakoa mwaka 2020 kila mtu anazitaka kwa wakati mmoja.

Kwenye michezo nitapita haraka. Kriketi ina run kama pointi, wapigaji wawili wanabadilishana ncha za uwanja wa kati wenye urefu wa kama mita 20, wakifika salama wamepata run 1. Ila mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini wanapewa run 6 na wanaweza kubaki wamesimama palepale. Yaani hata mahali ambapo run kweli ilianza na miguu, miguu ilishaachwa nyuma.

Afu kuna vile vineno vinavyoning'inia baada ya run, na hapa wengi ndo tunapoteana. "Run out" ni kuishiwa. "Run into" ni kugonga kitu au kukutana na mtu bila kutarajia, "run across" inakaribiana na hiyo ya kukutana. "Run over" ni kukanyaga na gari, lakini pia ni kupitia jambo harakaharaka, kwaiyo "I ran over your notes" usikasirike, "I ran over your dog" kasirika. "Run down" kwa betri ni kuisha chaji, kwa mtu ni kuchoka mwili, na "to run someone down" inaweza kuwa kumsema vibaya au kumgonga, muktadha ndo utakwambia upigie nani simu. "Run up" a bill ni kulimbikiza deni. Na "run-on sentence" ni sentensi inayokwenda tu bila kuweka nukta, kama hizi ninazoandika mimi tangu mwanzo na nashukuru bado unanivumilia.

Kwenye kuishiwa kuna kitu watu wanakosea kila siku. "Time is running out" na "I am running out of time" zinasema jambo moja kutoka pande mbili, ya kwanza anayeisha ni muda, ya pili anayeishiwa ni mimi. Kiswahili tunabadilisha mkia wa kitenzi, muda unaisha, naishiwa muda. Kiingereza kinabadilisha nani anakaa mbele na kuongeza "of". Kwaiyo ukiandika "I am running out" ukaishia hapo, bila "of" na bila kutaja kitu, msomaji anaweza kukuona unatoka nje mbio.

Zipo nyingine ambazo hazina haja ya maelezo marefu: kupita taa nyekundu ni "run a red light", kujiweka hatarini ni "run a risk", kutumwa dukani na shughuli ndogondogo ni "run errands", kusafirisha silaha kimagendo ni "run guns", gazeti likichapa habari lime-"run a story", soksi ndefu ya kike ikiachia uzi ukashuka Mmarekani anasema ina run na Mwingereza anasema ina ngazi. Banda la wavu la kuku kutembeatembea nalo ni run. Sitaki kukuchosha.

Mpaka hapa kuna mtu anasema sawa, lakini hii lugha ni ya vurugu, neno moja litafanyaje kazi zote hizo. Huyo naomba amweleze mgeni anayejifunza Kiswahili kitenzi "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha, pasi, mswaki, kura, chafya, magoti, hodi, deki, hesabu, hatua, kelele, na bado hatujamgusa mtu hata kofi. Mgeni anabaki anashangaa hawa watu wana ugomvi na nyumba nzima. Akimaliza hapo anakutana na kula, watu wanakula kiapo, wanakula njama, wanakula hasara, wanakula chumvi nyingi bila kuugua presha. Kila lugha ina vitenzi vyake vya kubeba mizigo, na mara nyingi ni vile vifupi vya kila siku, kwa sababu vinatumika sana basi vinasukumiwa kila kazi mpya inayoingia.

Sasa visawe, na hapa nitakaza kidogo. Kuna ushauri unazunguka mitandaoni, acha kusema run, sema haya maneno 20 badala yake, afu unaletewa orodha: sprint, jog, flee, flow, operate, manage, direct, contest, na kadhalika, kama vile yote yanakaa kwenye kiti kimoja. Hizo orodha zimeharibu insha za watu wengi. Kisawe hakishiki kwenye neno, kinashika kwenye maana moja ya neno. Fikiria shangazi yako na mjomba wako, wote wawili ni ndugu zako kabisa, damu, lakini wao kwa wao hawana undugu, mmoja ni wa upande wa baba na mwingine wa upande wa mama, wameunganishwa na wewe tu. "Sprint" na "manage" ndo hivohivo, wote ndugu wa run, wao wenyewe hawafahamiani. Mtu akichomoa kwenye orodha bila kuuliza ni wa upande upi anaishia kuandika "I operated to school because I was late", na "operate" kwa binadamu Kiingereza kinawaza daktari na kisu.

Hata ukibaki upande mmoja bado hawafanani. Upande wa miguu, "jog" ni ile polepole ya mazoezi, "sprint" ni kumaliza nguvu zote kwa umbali mfupi, "dash" ni kuchomoka kidogo ukachukue kitu, "bolt" ni kukurupuka ghafla kwa kushtuka, "flee" ni kukimbia hatari, huko ndo alipo mkimbizi, na mtu anaweza "flee" akiwa amekaa ndani ya ndege. Sisi tunazijua hizi tofauti vizuri tu kwetu. Kutimua mbio, kutoka nduki, kutoka mkuku, kula kona, kutoroka, mguu niponye, hakuna mtu atakayesema mwanariadha wa olimpiki ametoka nduki mita 100 akashinda dhahabu, labda anatania, maana nduki ina woga ndani yake. Woga huohuo upo kwenye "bolt" na "flee", na haupo kwenye "sprint".

Upande wa uongozi, "run" ina harufu ya mtu aliyeshika mambo mkononi kila siku, "manage" ni ya kikazi zaidi, na ikifuatwa na "to" inageuka kabisa, "I managed to leave" ni nilifanikiwa kuondoka, sio nilisimamia kuondoka. "Direct" ni kuelekeza, "administer" ni ya makaratasi. Mtu mwenye biashara yake ndogo anasema "I run a small business" na hiyo ndo Kiingereza safi, akisema "I administer a small business" hajapanda daraja, ameonekana tu kama anasoma barua ya serikali. Imani hii ya kwamba neno refu ni Kiingereza kizuri zaidi sijui ilitoka wapi, wenye lugha wenyewe wakiongea wamejaa run, get, set, put na take.

Kuna kosa jingine dogo la umbo. Run ni run, wakati uliopita ni "ran", halafu baada ya "have" inarudi kuwa "run". "I have ran" ni kosa, na usijisikie vibaya, hata waliozaliwa nayo wanalifanya.

Kwaiyo ukikutana nayo usianze na kukimbia. Angalia kwanza nani ana-run, mtu, maji, mashine, barabara au muda, afu angalia kinachofuata, kuna kitu moja kwa moja, kuna "for", kuna "out of", au hakuna kitu. Hao wawili, wa kushoto na wa kulia, wanakupa jibu mara nyingi kabla hujagusa kamusi. Nilimwandikia jamaa yangu yote haya kwa urefu huuhuu, akakaa kimya siku 3 nikajua kachoka, maana kimya kingi kina mshindo mkuu, na hiyo kwa Kiingereza ni "still waters run deep", run tena. Siku ya nne akanitumia kichwa kingine cha habari, kuna kiongozi alikuwa "running a fever", tafsiri ya mashine imemwandikia kiongozi anaendesha homa. Chini yake kaandika, "mtu, halafu kinachofuata homa, kwaiyo ana homa tu si ndio? Maana mtu wa kuendesha homa mimi bado sijamwona."